Kununua ardhi ya ziada ya Caltrans: mnada safi, maandalizi ya kutoa jasho

Idara ya Usafirishaji ya California, ambayo watu huko huiita Caltrans, inajulikana kwa lami na madaraja. Kwamba huuza pia viwanja ni jambo ambalo wengi hulijua siku jirani yao anapozungushia uzio kichaka kilichokuwa cha serikali miaka nenda rudi. Huduma hiyo ndiyo tunayoitathmini hapa: kipande cha ardhi kinavyotoka kwenye ramani ya hifadhi ya barabara hadi kusajiliwa kwa jina la mtu binafsi, na mnunuzi anaumia wapi njiani.

Tuseme mapema tunachokiona. Mnada wenyewe unaendeshwa vizuri: masharti yameandikwa, bei hupatikana mbele ya watu, na taarifa za mauzo hubaki hadharani kwa yeyote anayetaka kuzisoma. Kinachotangulia mnada ni cha polepole mno. Kinachofuata baada ya mnada ni chako, na chochote ulichoshindwa kukikagua kabla ya kuinua mkono hakuna atakayekibeba kwa niaba yako.

Msingi wa kisheria ni kifungu cha 118 cha sheria ya barabara kuu ya jimbo hilo, kinachoiruhusu idara kuuza au kubadilishana ardhi iliyonunuliwa kwa ajili ya barabara ikiwa haihitajiki tena. Kifungu cha 118.6 kinaongeza kwamba ardhi hiyo itangazwe, kadiri inavyowezekana, ndani ya mwaka mmoja tangu idara iitambue kuwa ni ya ziada. Someni sentensi hiyo mara mbili. Mwaka mmoja hauanzi kuhesabiwa siku barabara ilipokamilika au mradi ulipokufa. Unaanza siku idara yenyewe inapokubali kwamba haina haja na ardhi hiyo. Kati ya siku hizo mbili miaka inaweza kupita bila sheria yoyote kuvunjwa.

Kuna ardhi ambayo watu huidhania inauzwa kumbe sivyo. Maeneo yaliyo chini ya barabara za juu hukodishwa tu, kwa sababu barabara ingali inayahitaji. Moto wa Novemba 11, 2023 ulioifunga barabara ya I-10 katikati ya Los Angeles kwa zaidi ya wiki moja ulianzia kwenye eneo la namna hiyo, lililokuwa limekodishwa na kujazwa shehena. Ukiona parkingi au maghala chini ya daraja, usipoteze muda kuuliza bei ya kununua.

Ardhi ya ziada yenyewe ina asili zake. Iliyo nyingi na yenye sura mbaya zaidi ni mabaki. Barabara inapokata shamba la mtu, wakati mwingine upande mmoja hubaki pembetatu isiyomfaa mwenyewe kwa lolote. Kanuni za shirikisho, sehemu ya 24 ya juzuu la 49, zinaitaka idara itoe ofa ya kununua na hicho kipande kisicho na manufaa ya kiuchumi kwa mwenyewe. Hivyo serikali hujikuta na pembetatu, mikanda myembamba na vipande vyenye umbo la kiatu ambavyo haikuvitaka tangu mwanzo. Ndiyo maana orodha ya viwanja vya Caltrans haifanani na orodha ya dalali wa kawaida. Kundi la pili ni karakana za matengenezo na machimbo ya kokoto yaliyoachwa. La tatu, lenye thamani kubwa na ugomvi mwingi, ni nyumba na viwanja vilivyonunuliwa kwa ajili ya barabara ambazo hazikujengwa kamwe. Hilo tutalirudia.

Kabla kiwanja hakijatangazwa, hupitishwa mikononi mwa vitengo vya ndani kimoja baada ya kingine: wasanifu, wahandisi wa trafiki, watu wa matengenezo, wa mazingira, wa maji ya mvua, wapima ardhi. Kila kimoja huulizwa kama kina haja nacho siku za usoni. Foleni hukwama hapa, na sababu si uvivu peke yake. Mtu wa matengenezo akisema anahitaji mita chache kando ya mfereji ili lori lake lifike kwenye kalavati, mpaka huchorwa upya, mpima hurudi uwanjani, na mthamini huanza hesabu yake mwanzo kwa sababu ukubwa umebadilika. Tathmini ya bei nayo huchakaa. Ikikaa muda mrefu soko likabadilika, hufanywa nyingine. Mtu anayefuatilia kiwanja kimoja ajue kwamba jibu la “bado kinashughulikiwa” mara nyingi ni la kweli, na kwamba swali lenye faida zaidi ni: kimekwama kwa kitengo gani?

Pesa za shirikisho huongeza mlango mwingine. Ikiwa ardhi inapakana na barabara za mfumo wa Interstate, yaani barabara kuu zinazounganisha majimbo, Utawala wa Barabara Kuu wa Shirikisho lazima uridhie. Kwa nyingine, jimbo huweza kuachiwa uamuzi kwa makubaliano. Kanuni za sehemu ya 710 za juzuu la 23 zinataka ardhi inayofaa kuwa bustani, hifadhi ya mazingira au mahali pa burudani itolewe kwanza kwa mashirika ya umma yaweze kuinunua. Zaidi ya hapo, agizo la gavana la Januari 2019 lilitaka ardhi ya jimbo isiyohitajika ichunguzwe kama inafaa kwa nyumba za bei nafuu. Kwa mnunuzi binafsi maana yake ni kwamba kiwanja cha mjini, cha mstatili, chenye barabara ya kuingilia na maji karibu, huwa kimepita mbele ya macho ya watu wengi kabla ya kufika mnadani. Kikikufikia, jiulize kwa nini waliotangulia walikiacha.

Wapo wanaouliza mbona serikali isivigawe bure vile vipande visivyo na kazi. Jibu liko kwenye chanzo cha fedha. Katiba ya California, ibara ya 19, imezifunga pesa za kodi ya mafuta kwenye matumizi ya usafiri, na sheria ya shirikisho, kifungu cha 156 cha juzuu la 23, inataka ardhi iliyonunuliwa kwa msaada wa shirikisho iuzwe kwa bei ya soko, na sehemu ya shirikisho ya mapato irudi kwenye miradi ya usafiri. Msamaha upo kwa malengo ya kijamii, kimazingira au kiuchumi, ila huombwa na kuidhinishwa. Afisa wa Caltrans wilayani hana mamlaka ya kukupunguzia bei kwa huruma, na kumbembeleza ni kumchosha bure.

Bei

Upande wa bei ndio uliotufurahisha zaidi, kwa sababu una mantiki ambayo jirani mwerevu anaweza kuitumia. Kipande kisichoweza kujengwa peke yake hakithaminiwi kama kiwanja kamili. Huthaminiwa kwa faida kitakayoleta kikiunganishwa na ardhi ya jirani. Tuseme mtu ana kiwanja cha futi za mraba 4,600 katika eneo ambalo kanuni za mji zinataka angalau 5,000 ili kuruhusu ujenzi fulani. Nyuma yake kuna mkanda wa serikali wa futi za mraba 500. Kwa mpita njia mkanda huo ni majani na taka. Kwa huyo jirani ndio unaofungua kibali. Mthamini mzuri huliona hilo na kuliweka kwenye bei. Jirani asiyelijua hukasirika akidhani anapunjwa, kwa sababu anahesabu ukubwa wa ardhi na kusahau inachomletea.

Kipande ambacho jirani mmoja tu ndiye anayeweza kukitumia huweza kuuzwa moja kwa moja kwake kwa bei ya tathmini bila mnada. Majirani wakiwa wawili na wote wanakitaka, mambo hubadilika, na hapo ushindani ndio huamua. Kwa hiyo ukipakana na ardhi ya namna hiyo, andika barua mapema kwa ofisi ya ardhi ya Caltrans wilayani kwako, utaje namba ya barabara, kaunti, namba ya kiwanja chako kwenye rejista ya mthamini wa kaunti, na ubandike picha ya ramani uliyoweka alama. Barua isiyo na namba huishia kwenye jalada la barua zisizo na namba.

Mnada

Kiwanja kinachoweza kusimama peke yake hutangazwa, kisha huuzwa kwa mnada wa mdomo au kwa zabuni za bahasha zilizofungwa. Tangazo hutaja kima cha chini, kiasi cha amana, siku za kwenda kukikagua na muda wa kumalizia malipo. Amana huja kwa hundi ya benki iliyohakikishwa. Hundi binafsi haipokelewi. Makosa madogo ndiyo hung’oa watu: jina la mlipwaji limeandikwa tofauti na tangazo, hundi ni ya kampuni ilhali mzabuni amejisajili kwa jina lake, au watu wawili wanaonunua pamoja wamejaza fomu kwa jina la mmoja wakidhani mwingine ataongezwa kwenye hati baadaye. Andika majina kama unavyotaka yasomeke kwenye hati tangu fomu ya kwanza, pamoja na jinsi mnavyomiliki, yaani kwa ubia wa hisa au kama mume na mke. Kubadilisha baadaye huhitaji barua, na barua huhitaji muda usio nao.

Mshindi hupewa kipindi cha kumalizia salio. Akishindwa kulipa kwa wakati, kwa kawaida amana yake imekwenda, na kiwanja huweza kupewa aliyefuata au kurudishwa mnadani. Wanaotegemea mkopo hukwama hapa. Benki hazipendi kukopesha kwa dhamana ya ardhi tupu, sembuse ardhi tupu yenye umbo la ajabu kando ya barabara kuu. Idara haitakusubiri mpaka benki yako ikubali, wala haikubali ofa yenye masharti ya “nikipata kibali cha ujenzi”. Kama pesa taslimu hazipo, au mkopo haujaidhinishwa kwa kiwanja hichohicho, kaa pembeni.

Kushinda mnada bado si kununua. Mauzo hupelekwa kwenye Tume ya Usafirishaji ya California, chombo cha wajumbe 11 wenye kura, ambayo huidhinisha kile kinachoitwa Hati ya Mkurugenzi, yaani hati ya kuhamisha ardhi ya jimbo kwa mnunuzi. Tume haikutani kila wiki, kwa hiyo ukikosa ajenda ya kikao kimoja, unasubiri kinachofuata. Idara pia hujiwekea haki ya kukataa zabuni zote. Usivunje ukuta wala usimwage kifusi kabla hati haijasajiliwa kwa msajili wa kaunti.

Hizo ajenda za tume ndizo hazina isiyothaminiwa katika huduma hii nzima. Kila hati huandikwa kwa mistari michache: namba inayoanza na herufi DD, kaunti, barabara na alama ya maili, mji, ukubwa, mnunuzi, bei ya mauzo, na kando yake bei ya tathmini. Kisha hufuata sentensi inayosema kama ilikuwa mauzo ya moja kwa moja au ya hadhara, na walikuwapo wazabuni wangapi walioshindana kweli. Mtu akipekua vikao vya miaka michache iliyopita kwa kaunti yake, ataona ni viwanja vya aina gani huuzwa kwa bei ya tathmini bila mshindani, na vipi hupaa. Hakuna dalali atakayekupa takwimu safi namna hiyo, tena bila malipo.

Gharama za kando ni za mnunuzi: ada ya usajili na kodi ya uhamisho. Kodi ya kaunti ni dola 1.10 kwa kila dola 1,000. Miji mingine huongeza yake, na Los Angeles huongeza dola 4.50 kwa kila 1,000. Kwa kiwanja cha dola 200,000 ndani ya Los Angeles hiyo ni dola 220 na dola 900, jumla 1,120. Katika mauzo ya kawaida pande mbili huweza kujadiliana nani alipe. Hapa hakuna mjadala.

Unachonunua hasa

Masharti ya mauzo husema kwamba jimbo linakupa haki zilezile lilizo nazo, si zaidi, na kwamba kiwanja kinauzwa kama kilivyo. Maneno hayo mepesi ndiyo yanayoficha mbuzi kwenye gunia. Anza na kampuni ya bima ya hati miliki na uombe ripoti ya awali ya kiwanja kabla ya mnada. Ripoti itaonyesha nani ana haki ya kupitisha nyaya, mabomba au mfereji ndani ya kiwanja. Kampuni za umeme, gesi na maji huwa na haki za zamani kando ya barabara, na idara yenyewe huweza kujibakizia haki ya mteremko au ya kalavati inapouza. Haki ya upana wa futi 20 ikipita katikati ya kiwanja cha upana wa futi 60, ulichonunua ni bustani mbili zilizotenganishwa na njia usiyoweza kujenga juu yake.

Haki ya kuingia ndiyo inayowaangusha wengi zaidi. Jimbo linapojenga barabara ya mwendo kasi hununua pia haki ya majirani kuingia barabarani kutoka kwenye ardhi zao. Hati ya mauzo huandika wazi kwamba mnunuzi hana haki hiyo upande unaopakana na barabara. Kwenye picha za satelaiti kiwanja kinaonekana kimelala kando ya barabara ya kupendeza, ilhali kisheria upande huo ni ukuta hata kama uzio umeanguka. Kama pande nyingine zote ni viwanja vya watu, huna pa kuingilia. Soma mchoro wa hifadhi ya barabara, si picha ya angani, utafute mstari wenye alama za zuio la kuingia, kisha ufuate mpaka mzima kwa kidole mpaka uone ni wapi hasa kiwanja kinagusa mtaa wa umma. Ukikosa mahali hapo, bei ya chini si bahati.

Kisha udongo. Petroli yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku kabisa kwa magari ya barabarani nchini Marekani mwaka 1996. Kabla ya hapo, moshi wa miongo mingi ulitua kando ya barabara, na madini yake bado yako kwenye tabaka la juu la udongo. Idara ya kudhibiti vitu vya sumu ya California ina makubaliano na Caltrans yanayoiruhusu kutumia tena udongo wa aina hiyo ndani ya miradi yake ya barabara kwa masharti, kwa mfano kuuzika chini ya lami. Mnunuzi binafsi hayumo kwenye makubaliano hayo. Udongo uleule ambao kwa Caltrans ni wa kufukia chini ya barabara, kwako unaweza kuwa taka hatari ya kusafirishwa kwa lori hadi jalala maalumu. Kipimo cha tahadhari cha jimbo kwa makazi ni miligramu 80 za risasi kwa kila kilo ya udongo, na ukifika miligramu 1,000 kwa kilo huhesabiwa kuwa taka hatari. Omba ruhusa ya kuchukua sampuli kabla ya mnada. Chukua za juu juu na za kina kidogo, katika mistari inayotoka ukingo wa barabara kuelekea ndani, kwa sababu kiasi hupungua kadiri unavyoondoka kwenye magari. Sampuli zote zikichukuliwa nyuma ya kiwanja, majibu yatakuwa mazuri na ya uongo.

Ardhi iliyokuwa ya barabara mara nyingine haina hata matumizi iliyopangiwa kwenye ramani ya mji. Idara haipangi matumizi na haikupi ahadi yoyote juu yake. Nenda kwenye dawati la mipango miji la mji au kaunti na maswali mawili yaliyoandikwa: kiwanja hiki kimepangiwa nini, na je, kinatambuliwa kama kiwanja halali chini ya sheria ya ugawaji wa ardhi ya jimbo? Swali la pili husahaulika. Kuna vipande vyenye mpaka na hati ambavyo mji haukubali kuvitolea kibali mpaka viunganishwe na kiwanja kingine.

Kwa anayefikiria nyumba, kelele na hewa ni hesabu pia. Kanuni za ujenzi za California zinataka kelele za nje zisizidi desibeli 45 ndani ya vyumba vya kuishi, na kando ya barabara kuu hilo maana yake ni madirisha mazito na mitambo ya hewa. Bodi ya hewa ya jimbo, katika mwongozo wake wa 2005, ilishauri nyumba na shule mpya zisijengwe ndani ya futi 500 kutoka barabara ya mwendo kasi. Ni ushauri, si marufuku, ila maafisa wa mji huujua kwa moyo. Karakana, ghala la kukodisha au maegesho huvumilia mahali hapo kuliko chumba cha mtoto.

Nyumba za barabara ambazo hazikujengwa

Kwenye ukurasa huu huduma inapata alama ya chini. Barabara ya 710 ilikusudiwa kuvuka kutoka Alhambra hadi Pasadena kupitia El Sereno na South Pasadena. Jimbo likanunua nyumba na viwanja takriban 460, na kwa miongo kadhaa likawa mwenye nyumba badala ya mjenga barabara. Sheria ya Roberti ya 1979 iliweka mpangilio wa nani auziwe kwanza: wamiliki wa zamani wanaoishi humo bado, halafu wapangaji wa kipato cha chini au cha kati waliokaa miaka 2 au zaidi, kisha waliokaa miaka 5 au zaidi ambao kipato chao hakizidi asilimia 150 ya kipato cha kati cha eneo, kisha taasisi za makazi. Anayenunua kwa bei nafuu hupokea hati yenye vizuizi vya kuuza tena, na ni haki.

Mpangilio ni mzuri, utekelezaji haukuwa hivyo. Mkaguzi wa jimbo mwaka 2012 aliikosoa idara kwa kupangisha nyumba hizo chini ya bei ya soko na kwa jinsi ilivyosimamia matengenezo yake. Mpango wa baadaye wa kuipitisha barabara hiyo kwenye handaki uliachwa mwaka 2017, na mwaka 2021 zikatungwa sheria mbili, SB 381 kwa South Pasadena na SB 51 kwa El Sereno, kujaribu kusukuma mauzo. Nyumba iliyokaa kwa mpangaji wa serikali miaka 40 huja na paa, nyaya na msingi wa miaka 40. Anayestahiki kuinunua aende na mkaguzi wa majengo, si na furaha peke yake.

Mambo huenda vizuri zaidi ardhi inapokabidhiwa mji badala ya kuuzwa nyumba kwa nyumba. Hayward, ambako barabara ya 238 ilisimamishwa na kesi ya 1971 iitwayo La Raza Unida dhidi ya Volpe, mji ulichukua mwaka 2016 kazi ya kusimamia mauzo ya viwanja vilivyobaki. San Francisco, baada ya tetemeko la Loma Prieta la 1989 kuiharibu barabara ya juu ya Central, viwanja vilivyokuwa chini yake vilikwenda kwa mji na mauzo yake yakasaidia Octavia Boulevard, iliyofunguliwa 2005. Pasadena nayo ilirudishiwa mwaka 2022 takriban ekari 50 za kipande cha 710 kilichokuwa kimechimbwa tayari. Mji una mpango wa matumizi ya ardhi, una dawati la vibali, na una wapiga kura jirani. Idara ya barabara haina hivyo vyote.

Majimbo mengine hufanya kwa namna yao. Washington imeandika kwenye sheria kwamba kabla jirani mmoja hajauziwa, majirani wengine wote wanaopakana lazima wajulishwe kwa maandishi. Zaidi ya mmoja akiomba ndani ya siku 15, kipande huenda mnadani. Ni utaratibu mwepesi ambao California ingenufaika nao kuuandika waziwazi namna hiyo. Texas, tume ya usafirishaji hupendekeza, na kwa kawaida gavana ndiye hutia saini hati, kwa hiyo usishangae saini ya mtu mkubwa kwenye karatasi ya kipande cha mita chache.

Tukigawa alama kwa aina ya mnunuzi: jirani anayepakana, nne kati ya tano. Mkandarasi mwenye pesa taslimu, mpima wake na mtu wa udongo, tatu na nusu. Familia inayotafuta kiwanja cha kwanza cha kujenga nyumba, mbili, na hizo mbili ni kwa ajili ya uwazi wa mnada tu.

Hati ikishasajiliwa, mthamini wa kaunti huweka thamani mpya. Ardhi ya serikali ilikuwa haitozwi kodi. Yako itatozwa takriban asilimia 1 ya bei uliyonunulia kwa mwaka, pamoja na tozo za eneo, na thamani hiyo haiwezi kupandishwa zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka chini ya Pendekezo la 13, sheria iliyopitishwa kwa kura ya wananchi mwaka 1978, mpaka utakapouza. Bili ya kwanza huja kwa kuchelewa na hugharimia miezi iliyopita, kwa hiyo iwekee pesa. Majani nayo ni yako sasa. Kabla ya msimu wa moto hutumwa notisi ya kufyeka, na usipofyeka, kaunti nyingi hufyeka zenyewe na kuiongeza gharama kwenye bili hiyohiyo ya kodi.